Uhunzi wa Jembe: Kufifia Kwake na Kufufuka Kwake

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Methali hii aghalabu hutumiwa kwa vyombo vya baharini, na pwani ya Mrima ina haki ya kujisifu kwa vyombo vyake. Lakini kabla ya fundi wa Bagamoyo kuchonga mkuku wa jahazi, alikuwako mtu aliyemfulia tezo na shoka; na kabla ya mkulima wa Kiwangwa kulima tuta lake la mananasi, alikuwako mtu aliyemfulia jembe. Mtu huyo ni mhunzi. Vitabu vya historia ya pwani vimejaa habari za masultani, wafanya biashara, misafara na utumwa. Mhunzi hutajwa kwa mstari mmoja au miwili, kana kwamba chuma kilijileta chenyewe mikononi mwa watu.

Historia ya uhunzi katika nchi ambayo sasa ni Tanzania ina jambo la kustaajabisha. Kazi iliyodumu kwa muda wa karibu miaka elfu mbili ilififia katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, kati ya mwisho wa karne ya 19 na Vita vya Pili vya Dunia. Kisha, baada ya Uhuru, sehemu ya kazi hiyo ilifufuka na kukua, na ilifufuka katika miaka ile ile ambayo kiwanda kikubwa cha majembe, chenye mashine mpya na ulinzi wa serikali, kilikuwa kikitaabika. Sababu ya mambo haya mawili ni moja, nayo haionekani mpaka kazi ya uhunzi igawanywe katika sehemu zake. Uhunzi si kazi moja bali ni kazi mbili: kukipata chuma kutoka katika mawe, na kukifua chuma kiwe chombo. Kazi ya kwanza ilikufa. Kazi ya pili haikufa kamwe, na ndiyo iliyobeba mbegu ya ufufuo.

Ukale wa chuma katika pwani hii hauna shaka. Kitabu cha Kiyunani cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1 baada ya kuzaliwa Kristo, chaitaja bandari ya Rhapta, na bidhaa zilizoletwa pwani ya Azania kutoka Muza katika Yemen: mikuki iliyotengenezwa makusudi kwa soko hili, mashoka na majambia. Kwa muda mrefu maneno hayo yalisomwa kama ushahidi kwamba watu wa pwani walingoja chuma kutoka ng'ambo. Uchimbaji wa mambo ya kale umeiondoa dhana hiyo. Katika miaka ya 1980, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mahali paitwapo Limbo, katika Wilaya ya Kisarawe, akakuta marundo ya mavi ya chuma na vigae vya vyungu vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Kiwangwa nayo, katika bara ya Bagamoyo, imeingia katika orodha ya mahali palipoonekana vyungu vya jadi hiyo ya wakulima wa kwanza waliotumia chuma. Kwa hiyo wakati mabaharia wa Muza walipokuwa wakishusha mikuki yao, au muda si mrefu baadaye, watu waliokaa mwendo mfupi kutoka baharini walikuwa wakiwasha tanuri zao wenyewe.

Miaka elfu moja baadaye habari za chuma cha pwani zilikuwa zimefika mbali. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake katika nyumba ya Mfalme Roger wa Sicily mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma hicho kilikuwa chanzo kikubwa cha faida yao. Aliandika pia kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa Bara Hindi, ambako mafundi walikisifu kwa wema wake. Ni kweli kwamba al-Idrisi hakufika Afrika ya Mashariki, na habari zake alizipata kwa wasafiri. Hata hivyo mavi ya chuma yaliyopatikana katika miji ya kale ya pwani, na uchunguzi uliofanywa na Chapurukha Kusimba pale Galu, kusini ya Mombasa, waonyesha kwamba wasafiri wale hawakuzua. Chuma kilikuwa mali ya kuuza nje, sawa na pembe na ambari.

Ili msomaji afahamu kilichokufa, yafaa aijue kazi yenyewe. Chuma hakiyeyuki mpaka moto ufikie nyuzi 1,538, na tanuri la udongo la zamani halikuhitaji kufika huko. Mawe ya mtapo yalivunjwa vipande vidogo, yakachanganywa na makaa ya miti migumu, na moto ukachochewa kwa saa nyingi. Uchafu wa mawe uliyeyuka ukatiririka chini, ndio uitwao mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilibaki ndani kama donge lenye matundu, lisilofaa kitu mpaka litiwe tena motoni na kupondwa. Huko Ufipa kazi hii ilifanywa kwa hatua mbili. Kwanza lilijengwa tanuri refu, liitwalo ilungu, ambalo kimo chake kilifika kama meta 3, na ambalo halikuhitaji mivukuto kwa kuwa upepo uliingia wenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini yake. Kisha donge lililotoka humo lilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, kwa nguvu za mivukuto. Hapo ndipo mhunzi alipolipokea na kulifua juu ya fuawe.

Mtu mmoja hakuweza kufanya yote haya. Walihitajiwa wachimba mtapo, wakata miti na wachoma makaa, wafinyanzi wa mirija, wapiga mivukuto kwa zamu, na bwana wa tanuri aliyejua dawa, miiko na majira. Katika makabila mengi tanuri lilifananishwa na mwanamke mwenye mimba, na kazi ilifanywa kambini mbali na nyumba, watu wakijitenga na wake zao. Wengine wameyaona mambo haya kuwa ushirikina mtupu, lakini miiko ilikuwa pia njia ya kulinda elimu ya kazi na kuwaweka wafanya kazi pamoja katika siku ambazo kosa dogo la mtu mmoja lingeharibu juhudi ya mwezi mzima. Elimu hiyo haikuandikwa. Ilikaa vichwani na mikononi mwa watu, na hilo ndilo lililoifanya iwe na nguvu wakati wenyewe walipokuwa wengi, na iwe dhaifu walipopungua.

Palipo na elimu iliyolindwa pana pia heshima na madaraka. Katika milima ya Upare ya Kaskazini, ukoo wa wahunzi uitwao Washana ulitawala Ugweno mpaka ulipopinduliwa na ukoo wa Wasuya, kama alivyoeleza Isaria Kimambo katika historia yake ya siasa ya Wapare iliyotoka mwaka 1969. Washana walipoteza utawala lakini hawakupoteza moto. Waliendelea kuyeyusha chuma, na wahunzi wa Uchagani walinunua chuma cha Upare ili wafue mikuki na majembe yao. Kwa upande wa magharibi, Usumbwa na Uzinza zilifua majembe kwa ajili ya Usukuma na Unyamwezi. Jembe lilitolewa mahari, likahifadhiwa kama akiba, na likapokewa kama fedha. Wapagazi wa Kinyamwezi walioteremka pwani walibeba majembe ili kununua chakula na kulipa hongo katika nchi kavu ya Ugogo. Msafara uliokuwa ukienda Bagamoyo na pembe za ndovu, basi, ulijilisha njiani kwa kazi ya mhunzi wa bara.

Msafara ule ule ndio ulioleta mashaka. Kila uliporudi bara kutoka pwani ulibeba vitambaa, shanga, masango na bunduki, na pamoja navyo vyombo vya chuma kilichotengenezwa Ulaya. Mwanzoni bidhaa hizi zilikuwa ghali kwa sababu zilisafiri kichwani mwa mpagazi, na uzito wa chuma ulimlinda mhunzi wa bara kuliko sheria yo yote. Ulinzi huo uliondolewa na reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, mwaka 1912 Tabora, na mwaka 1914 Kigoma. Jembe la Ulaya, ambalo zamani lilikuwa mzigo wa miezi mitatu, sasa lilikuwa mzigo wa siku chache. Tabora, iliyokuwa soko la majembe ya Usumbwa, ikawa stesheni ya kushushia majembe ya mashine.

Bei pekee haielezi yote. Kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898, ilimtaka kila mtu mzima atafute kazi au fedha kwa mwajiri, na vijana ambao wangepiga mivukuto wakaenda kwenye mashamba ya mkonge na kazi za reli. Sheria za kuhifadhi misitu ziliwanyima wachoma makaa miti waliyoizoea. Vita, njaa na maradhi ya miaka ya 1890, pamoja na sotoka iliyoua ng'ombe, vilitawanya watu ambao kazi yao ilihitaji mkusanyiko. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alitoa hoja kwamba viwanda vya asili vya chuma, chumvi na nguo viliharibiwa na ukoloni pamoja na mazingira yaliyovibeba. Wanahistoria wengine wamemwona kuwa ameyasifu mno maisha ya kabla ya ukoloni, na onyo lao ni la haki. Chuma cha tanuri la udongo kilikuwa kichache, na mkulima aliyenunua jembe la Ulaya hakudanganywa, alijua analolifanya. Lakini hoja hizi mbili hazipingani sana. Mnunuzi alichagua kwa hiari jembe lililo rahisi. Mwuzaji hakupewa nafasi ya kulirahisisha lake.

Jambo lililosahauliwa katika mabishano hayo ni kwamba reli iliyoua tanuri ilimlisha mhunzi. Ilipokuja, ilikuja na chuma chakavu: vipande vya mataruma, misumari yake, pete za mapipa, na baadaye springi za magari. Chuma hiki kilikuwa safi na kigumu kuliko donge la ilungu, nacho kilipatikana bila kuchimba wala kuchoma msitu. Mhunzi mwenye akili hakuwa na haja ya kuyeyusha tena. Aliziacha kambi za mtapo, akahamia karibu na njia, akakaa chini ya mwembe na mvukuto wake wa ngozi, fuawe, nyundo na koleo. Alitengeneza visu, mundu, vichwa vya mikuki, kengele na nyembe, akatia jembe la Ulaya makali mapya lilipokwisha. Kati ya vita viwili vya dunia tanuri za Ufipa zilizimika, na huko Buhaya nako vile vile. Fuawe hazikunyamaza.

Tofauti hii ilionekana waziwazi mwaka 1976, wakati Peter Schmidt na Donald Avery walipowaomba wazee wa Kihaya, ambao walifanya kazi ya chuma ujanani mwao, wajenge tanuri na kuyeyusha mtapo kama zamani. Wazee walifanya hivyo kwa kukumbuka, wakatoa chuma, na habari zake zikachapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani. Wataalamu walibishana kwa miaka mingi baadaye juu ya kiasi cha moto uliopatikana na juu ya maana ya mirija iliyoingizwa ndani ya tanuri, ambayo Schmidt na Avery waliona kuwa ilipasha hewa moto kabla haijafika makaani. Lililo muhimu kwa historia ya kazi ni jingine. Palihitajiwa wageni, fedha za utafiti na kumbukumbu za wazee ili tanuri liwashwe tena, na lilipozimika halikuwashwa na mtu kwa ajili ya riziki. Mwaka huo huo, katika vijiji vingi vya Tanzania, wahunzi wasiotafutwa na mtafiti ye yote walikuwa wakifua majembe ya kuuza.

Katika zama za utawala wa Waingereza serikali ya Tanganyika haikuona haja ya kuwa na kiwanda cha majembe. Zana zililetwa kutoka Uingereza na kwingineko, na alama zake zikawa maarufu kuliko majina ya viwanda. Kampuni ya Chillington ya Wolverhampton iliuza zana zake kwa alama ya mamba, na wakulima wengi wasiojua Wolverhampton iko wapi walijua kulitofautisha jembe la mamba na jembe jingine kwa kuligonga na kusikiliza mlio wake. Nchi yenye wakulima wa jembe la mkono kwa mamilioni ilitegemea meli kwa chombo chake cha kwanza cha uzalishaji. Meli ilipochelewa, mvua haikungoja.

Serikali ya Uhuru ililiona jambo hili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilitangaza kilimo kuwa msingi wa maendeleo, haikuwa busara kuhubiri kilimo huku jembe likiagizwa ng'ambo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, kilijengwa kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, Dar es Salaam, kilichojulikana kwa jina la Ubungo Farm Implements, au UFI kwa kifupi. Kiwanda kilitoa majembe na plau, na kwa mara ya kwanza jembe lililotengenezwa Tanzania kwa mashine likafika mpaka mipakani. Hii ilikuwa hatua kubwa, na wafanya kazi wa Ubungo walikuwa na haki ya kuionea fahari.

Lakini UFI kilirithi nusu ya pili ya uhunzi bila ya nusu ya kwanza. Kilifua, hakikuyeyusha; na chuma chake kilitoka nje ya nchi. Kwa muda ambao hazina ilikuwa na fedha za kigeni, upungufu huu haukuonekana. Ulionekana mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 na tena mwaka 1979, mavuno yalipokuwa mabaya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokausha hazina. Kiwanda chenye mashine nzima na wafanya kazi hodari kilikaa kikingoja chuma, nacho hakikuweza kutumia nguvu zake zote. Jembe likawa adimu, likaingia katika orodha ya vitu vya foleni pamoja na sukari, sabuni na kanga. Mwanakijiji wa Kiwangwa au wa Msata, ambaye baba yake alitegemea meli, sasa alitegemea kibali.

Hapo ndipo mhunzi alipoitwa tena. Hakuitwa na hotuba, aliitwa na mkulima aliyemletea springi ya lori iliyovunjika na kumwomba aigeuze jembe. Chuma cha springi ni chuma cha pua. Kikipashwa moto vizuri na kuzimishwa kwa kipimo, hutoa makali yanayokaa. Kwa mhunzi, kuzidi kwa magari mabovu barabarani, ambako kwa taifa kulikuwa msiba, kulikuwa machimbo mapya. Mdenmark Jens Müller aliyachunguza maisha ya wahunzi wa vijiji vya Tanzania na kutoa kitabu mwaka 1980, kitabu ambacho jina lake lauliza kama ufundi wa wenyeji utafilisiwa au utaimarishwa. Swali hilo lilikuwa la haki. Mipango ya taifa ilihesabu viwanda, mashine na ajira, lakini haikuwa na safu ya kumwandikia mtu aliyefua majembe chini ya mwembe.

Haiwezi kusemwa kwamba serikali haikufanya kitu. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, likapewa kazi ya kuwapatia mafundi wadogo mafunzo, mashine za mkopo, majengo na ushauri. Kuanzia mwaka 1976, kwa mapatano na Sweden, SIDO liliunganisha viwanda vidogo vya Kiswidi na viwanda vipya vya Tanzania, ndugu kwa ndugu, ili fundi ajifunze kwa fundi. Taasisi nyingine zilifuata huko Arusha: TEMDO mwaka 1980 kwa ajili ya usanifu wa mashine, na CAMARTEC mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Faida yao haikuwa sawa kila mahali. Viwanda vilivyoletwa na vifaa vya Ulaya vilipatwa na ugonjwa ule ule wa UFI, kwa kuwa malighafi na vipuri vyao vilihitaji fedha za kigeni. Wahunzi waliopewa fuawe imara, nyundo nzuri na mvukuto wa chuma wa kuzungusha kwa mkono, kisha wakaachwa watafute chuma chao wenyewe, walidumu.

Ukuaji wa kazi hii tangu hapo haukuwa wa kiwanda kimoja kuwa kikubwa, bali wa mafundi wengi kuwa wengi zaidi. Umeme ulipofika katika miji midogo, fundi aliongeza mashine ya kuunga chuma kando ya nyundo. Kazi ikabadilika. Jembe lilibaki, lakini juu yake zilikuja bawaba, komeo, milango na madirisha ya chuma, mageti, majiko ya mkaa, mikokoteni na matela ya baiskeli. Katika barabara ya lami itokayo Bagamoyo kwenda Msata, yenye urefu wa kilometa 64 na kupita Kiwangwa, na katika barabara nyingine za namna hiyo, mji mdogo wenye nyumba mpya una fundi wake wa chuma. Mwana wa mhunzi hajiiti mhunzi tena, hujiita fundi wa kuchomelea. Jina limebadilika kama zamani lilivyobadilika tanuri, na kazi ni ile ya nusu ya pili: kuchukua chuma cha mtu mwingine na kukipa umbo ambalo jirani analihitaji.

Mabadiliko ya uchumi yalimweka fundi huyu katika jaribio la tatu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao nje walete bidhaa nchini. Mwaka 1986 ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Na kuanzia miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa, UFI kikiwa miongoni mwao. Soko lilijaa majembe ya kutoka China na Bara Hindi. Taifa lililojenga kiwanda cha Ubungo sasa liliuza majembe yaliyokwisha kutengenezwa, na hapana wa kulaumiwa kwa kuuza. Adimu ya jembe ilikwisha, na mkulima alifurahi. Kiwanda kikubwa, ambacho uhai wake ulikuwa katika jembe moja la aina moja kwa bei moja, hakikuweza kushindana. Fundi mdogo aliweza kwa sababu alikuwa ameshaacha kulitegemea jembe peke yake. Alitengeneza vile ambavyo meli haivileti: geti la kipimo cha ukuta huu, bawaba ya mlango ule, mpini wa jembe uliolegea, plau iliyovunjika asubuhi ya mvua ya kwanza.

Hata hivyo si haki kuhitimisha kwa sifa tupu. Anayefua bila kuyeyusha yuko katika mkono wa anayempa chuma. Chuma chakavu, ambacho zamani kiliokotwa bure, sasa hununuliwa kwa uzani na tanuri kubwa za mjini zinazokigeuza nondo, na fundi wa kijijini hushindana nazo kwa kilo. Nondo na bapa anazonunua dukani hupanda bei kwa mambo yanayotokea mbali na karakana yake. Wakati huo huo milima ya Liganga, katika Wilaya ya Ludewa, ina mtapo mwingi wa chuma uliojulikana tangu zama za ukoloni. Mkataba wa kuuchimba ulitiwa saini na kampuni ya China mwaka 2011, na zaidi ya miaka 10 baadaye tanuri la Liganga lilikuwa bado halijawashwa. Nchi iliyoyeyusha chuma chake pale Limbo karibu miaka elfu mbili iliyopita yaagiza chuma.

Basi mizani ya historia hii ina pande mbili. Upande mmoja yathibitika kwamba kazi hufufuka palipobaki mikono inayoijua na mnunuzi aliye karibu. Mikono ya kuyeyusha ilipotea, na kwa hiyo mtapo umebaki kuwa mawe yanayongoja mtaji wa wageni. Mikono ya kufua ilibaki, na kwa hiyo kila shida iliyoikumba nchi iliikuta tayari. Upande wa pili yathibitika kwamba ustadi bila malighafi una mpaka. Fundi wa chuma wa mji mdogo amekuwa akikua kwa upana tangu miaka ya 1970, lakini kwa kimo hajakua sana. Anazaa mafundi wengine, hazai kiwanda. Mipango ya viwanda iliyofuata Uhuru ilianza na jengo na mashine, ikatumaini kwamba ustadi na chuma vitafuata. Mhunzi wa Ufipa alianza na mtapo na makaa, ya Washana yalianza na elimu ya ukoo, na fundi wa barabara ya Msata alianza na springi ya lori. Hakuna kati yao aliyeanza na jengo. Wanaotaka tanuri la nchi liwake tena wana sababu ya kuwatazama watu hawa kabla ya kuchora ramani ya kiwanda kingine.